Vakansi ya kiangazi mjini Goma: pa kutembeza watoto, pa kujichunga, na urithi ulio mbele ya mlango wetu

Shule zimefunga, mvua imekatika, vumbi jeusi la volkano linapanda mpaka ndani ya sahani. Ni kipwa. Na katika kila nyumba ya Goma kuko swali moja: watoto watafanya nini mpaka Septemba?

Mwaka 2025 swali hilo lilikuwa zito kuliko kawaida. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza wa mwaka huo, mji ulikuwa mikononi mwa AFC/M23. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zilifungwa, makuta yalikuwa kidogo, na familia nyingi zilikuwa kwenye maombolezo. Mtu anaweza kusema: sasa ni wakati wa kuongelea matembezi kweli? Lakini mtoto wa miaka 8 au 10 hawezi kufungiwa ndani ya parcelle miezi miwili. Atatoka tu. Na akitoka bila kuelezwa kitu, anaweza kuteremka kwenye shimo lenye mazuku, kuokota chuma cha bomu, au kuogelea pasipofaa. Afadhali atoke akijua anaangalia nini, na akijua wapi asikanyage.

Kuko na sababu nyingine. Tarehe 21 Aprili 2025, Parke ya Virunga ilitimiza miaka 100. Watu wametoka Ulaya na Marekani wakalipa mamia ya dola kuona mlima ambao sisi tunauona bure kila asubuhi tukipiga mswaki. Wengi wetu hatujawahi kuelezwa hata habari yake. Makala hii inajaribu kujaza pengo hilo.

Mji wenyewe ni kitabu

Anzeni na kile kilicho karibu: jiwe jeusi. Goma yote imekaa juu ya lava. Mtoto anayejua kusoma ukuta wa mawe wa avenyu yao anaweza kusoma historia ya mji.

Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 ulio chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji, umemwaga moto mara 3 ambazo wazee, wazazi na watoto wanaweza kusimuliana. Ya kwanza ni tarehe 10 Januari 1977. Ziwa la lava lililokuwa ndani ya krateri lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika kwa chini ya saa moja. Lava hiyo ilikuwa nyepesi kama uji wa mtoto, ikakimbia kuliko mtu, na vijiji vilivyokuwa njiani havikupata nafasi ya kukimbia.

Ya pili ni tarehe 17 Januari 2002. Mara hii nyufa zilifunguka kuelekea mji, lava ikapita katikati ya Goma mpaka ikaingia ndani ya ziwa. Ilifunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikaunguza soko na maduka, ikala Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba. Ya tatu tunaikumbuka wote: usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Lava ilisimama pembeni ya mji, upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku 5 baadaye, matetemeko yakiendelea, sehemu kubwa ya mji iliambiwa ihame, na barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro na mbuzi.

Kwa hiyo matembezi ya kwanza hayahitaji hata franka moja. Chukueni watoto, mtembee kutoka katikati ya mji mkielekea Majengo na uwanja wa ndege. Angalieni parcelle ambazo ziko juu kuliko barabara, na nyingine ambazo ziko chini kama shimo. Angalieni nyumba za zamani ambazo dirisha limekuwa karibu na ardhi: si nyumba iliyozama, ni ardhi iliyopanda. Mzee wa avenyu akiwepo, mwambieni asimulie lava ilipita wapi na watu walikimbilia wapi. Hilo si hadithi ya kupitisha wakati tu. Mtoto anayejua lava ilipita wapi mwaka 2002 atajua upande wa kukimbilia siku mlima ukiamka tena.

Mkifika karibu na Mont Goma, waelezeni kwamba kilima hicho nacho ni volkano, ndogo na ya zamani. Ni pale Observatoire ya Volkano ya Goma, OVG, ina ofisi zake. Wafundisheni pia rangi za tahadhari: kijani ni hali ya kawaida, njano ni kuwa macho, rangi ya machungwa ni kujitayarisha, nyekundu ni kuondoka. Rangi 4 tu. Mtoto wa primaire anazishika kwa siku moja.

Na msisahau rond-point Chukudu, na sanamu yake ya rangi ya dhahabu. Miji mingi inasimamisha sanamu za marais na majenerali. Goma imemsimamishia sanamu msukuma mizigo. Chukudu inachongwa kwa mbao, mara nyingi za mikaratusi, gurudumu nalo ni la mbao lililovikwa mpira wa tairi kuukuu. Zinateremka kutoka Kibumba zikiwa zimebeba shu, viazi na mifuko ya makala, mamia ya kilo, na breki ni mguu wa mwenyewe. Mtoto anayepita pale kila siku huenda hajawahi kuambiwa kwamba chombo hicho kimebuniwa kwetu na kimelipa minerval ya watoto wengi.

Ziwa: zuri, lakini lina mambo yake

Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa mita 1,460 juu ya bahari, na kina chake kinapita mita 480. Zamani sana maji yake yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa ziwa Edward. Volkano za Virunga zilipoota zikaziba njia, maji yakajaa, mwisho yakapata mlango wa kusini: ndio mto Ruzizi, unaoshuka mpaka Tanganyika. Kwa neno lingine, milima ile ndiyo iliyotupatia ziwa hili lilivyo.

Halina mamba wala viboko, ndiyo maana watu wanaoga bila woga. Na sambaza tunazokaanga na kula na bugali si wenyeji wa hapa: zililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Jioni, kaeni mahali penye kuonekana vizuri, mwangalie wavuvi wakitoka na mitumbwi yao 3 iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakipiga kasia kwa kuimba. Usiku taa zao zinajaa juu ya maji kama mji mwingine.

Tuseme ukweli: kupata mahali pa kukalia kwenye ufuko si rahisi. Sehemu kubwa ya ukingo imezungushiwa kuta za nyumba kubwa na hoteli, na mwananchi wa kawaida amebakiwa na nafasi chache, zaidi bandarini na Kituku. Hizo nafasi chache ndizo zinajaa siku ya Mungu, na ndiyo maana kila familia inapaswa kuwa na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu watoto tu, si kupiga simu wala kuuza maneno.

Mambo 3 ya kushika kuhusu ziwa. La kwanza, vyombo. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilizama watu wa Kituku wakikiangalia, kikiwa kimekaribia kabisa kufika. Makumi ya watu walikufa. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Ukiona chombo kimejaa, shuka. Nauli utaipata siku nyingine. Kama hakuna jile ya kuelea kwa kila mtoto, hayo matembezi ya maji yamekwisha kabla ya kuanza.

La pili, maji ya kunywa. Kipindupindu hakijatuacha. Bebeni maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Mtoto asinywe ya ziwa hata akiona ni safi kama kioo.

La tatu, gesi. Chini kabisa ya ziwa kumelala kilomita za ujazo karibu 300 za gesi ya kaboni na karibu 60 za metani, zimekandamizwa na uzito wa maji. Hiyo haina shida kwa mwenye kuogelea ufukweni Goma. Lakini ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, ina gesi ya kaboni nyingi iliyo karibu zaidi na uso wa maji. Hatusemi mkimbie. Tunasema msiende kuchezea pale mkiona maji yanatoa mapovu, na muulize wenyeji kwanza.

Mazuku: adui asiyeonekana

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo watoto wanapopotea kila mara.

Magharibi ya mji, kuanzia Kyeshero, Lac Vert, Bulengo, Mugunga mpaka karibu na Sake, ardhi ina nyufa zinazotoa gesi ya kaboni kutoka chini ya volkano. Sisi tunaiita mazuku. Haina rangi. Kwa kawaida haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi: inateremka na kujaa kwenye mabonde na mashimo, kama maji yanavyojaa ndani ya sahani. Mtu mrefu anaweza kusimama kichwa kikiwa kwenye hewa nzuri, na mtoto aliyemshika mkono akawa amezama ndani ya gesi. Ndiyo maana mbuzi, mbwa na watoto ndio wanaotangulia kufa.

Wakati mbaya zaidi ni usiku na alfajiri, hewa ikiwa baridi na imetulia. Jua likipanda na upepo ukivuma, gesi inatawanyika, lakini shimo lenye kina linaweza kubaki na gesi hata mchana. Na mwaka 2025 watu wengi walirudi kulima, kuchimba mawe na kujenga upande huo, baada ya kambi za wakimbizi wa vita kubomolewa mwezi wa pili. Wageni wa eneo hawajui mashimo yako wapi.

Alama za kuangalia ni hizi: wadudu, mijusi, panya au ndege waliokufa mahali pamoja bila kidonda, majani yaliyokauka chini ya shimo huku ya pembeni yakiwa mazima, moto wa kiberiti au taa inayozimika yenyewe ukiiteremsha. Mwilini, kichwa kinauma na kuzunguka, unahema haraka, miguu inalegea. Ukisikia hivyo, usikae chini kupumzika. Panda juu mara moja.

Na hili ndilo neno kubwa kuliko yote: ukiona mtu ameanguka ndani ya shimo la mazuku, usiteremke kumfuata. Anayefuata mara nyingi anakufa juu ya wa kwanza. Ita watu, tafuteni kamba au mti mrefu, mvuteni kutoka juu, mumuweke mahali penye upepo na kumkimbiza hospitali. Mfundishe mtoto sentensi moja tu: "Rafiki akianguka shimoni, mimi ninapiga kelele, siteremki."

Je, Lac Vert isitembelewe? Ni ziwa dogo la kupendeza, maji yake ya kijani yamekaa ndani ya krateri ya zamani, na kutoka juu ya ukingo unaona ziwa Kivu upande wa pili. Inatembelewa, mchana jua likiwaka, mkiwa na mwenyeji, mkibaki juu ya ukingo. Hakuna kulala pale, hakuna kuteremkia vishimo vya pembeni kufuata mpira.

Virunga: miaka 100, na mlango umefungwa

Mwaka 1925 mfalme wa Wabeleji, Albert wa Kwanza, alitia sahihi amri ya kuunda parke hii. Alikuwa ameona parke za Marekani, na mtaalamu mmoja Mmarekani, Carl Akeley, alimsukuma awalinde sokwe wakubwa wa milimani, gorila. Akeley alikufa mwaka uliofuata, akazikwa Kabara, kwenye mtelemko wa mlima Mikeno. Ndiyo ilikuwa parke ya taifa ya kwanza katika Afrika nzima. Wananchi hawakuulizwa. Ardhi ya kulima, ya kuwinda na ya kuzika ikawa ghafla ya mfalme, na uchungu huo haujaisha mpaka leo: utausikia Rutshuru, utausikia Nyiragongo, kila mara watu na walinzi wanapokosana juu ya shamba.

Jina la Virunga lilikuja mwaka 1969. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia, na mwaka 1994, wakimbizi zaidi ya milioni moja kutoka Rwanda walipojaa huku na kukata kuni, ikaingia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Bado imo. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika historia yake. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12, dereva wao na raia 4.

Imebaki na nini? Ndani ya kilomita za mraba karibu 7,800 muna barafu ya Rwenzori, savana ya Rwindi, ziwa Edward, maji ya moto ya May ya Moto, msitu, na volkano 2 zilizo hai, Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira. Viboko walikuwa zaidi ya 20,000 miaka ya 1970. Miaka 30 baadaye walikuwa wamebaki chini ya 1,000, wengine waliliwa na waasi na askari. Gorila wa milimani wamepata bahati nyingine: hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha 1,063 duniani pote, wote katika Congo, Rwanda na Uganda, na idadi ilikuwa inapanda. Hapo kuna somo. Mnyama anayelindwa na watu wanaokubaliana anaongezeka, hata katikati ya vita.

Kwa sasa si wakati wa kupanda Nyiragongo, wala kwenda Bukima kuona gorila. Msidanganywe na mtu yeyote anayejiita guide akiwaambia anajua njia. Mlima huo unaangaliwa kutoka mbali: asubuhi mapema, kabla vumbi na moshi havijapanda, au usiku kama anga ni safi, pale mwanga mwekundu unapowaka juu ya kilele. Wazee wa zamani walisimulia kwamba roho za watu waovu ndizo zinaungua pale. Wanasayansi wanasema ni ziwa la lava, moja kati ya machache duniani. Mtoto aelezwe yote mawili.

Mbali zaidi: mambo ya kujua hata kama barabara haipitiki

Kwa nini kueleza mahali ambapo hatuwezi kufika leo? Kwa sababu barabara zinafunguka siku moja, lakini kisichosimuliwa kinapotea.

Ishango, teritwari ya Beni, pale mto Semliki unapotoka ndani ya ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbeleji Jean de Heinzelin alifukua pale mfupa mdogo uliochongwa mistari kwa mafungu, wa miaka karibu 20,000. Wataalamu wengi wanaona ni namna ya kuhesabu, moja ya ushahidi wa kale kabisa wa hesabu duniani. Mfupa wenyewe uko Brussels. Mtoto anayelia juu ya hesabu ya primaire aambiwe kwamba huenda kuhesabu kwa maandishi kulianza ndani ya jimbo lake.

Kivu ya Kusini kuna Kahuzi-Biega, parke iliyoundwa mwaka 1970, nyumba ya gorila wa nyanda za chini za mashariki, ambao hawapatikani nchi nyingine yoyote. Karibu yake ni Lwiro, kituo cha utafiti kilichojengwa na Wabeleji kama ngome katikati ya bustani. Leo kinatunza pia sokwe mtu yatima waliookolewa kwa wawindaji. Na katikati ya ziwa kuna Idjwi, kisiwa cha pili kwa ukubwa ndani ya maziwa ya Afrika baada ya Ukerewe ya Tanzania, chenye nanasi na kahawa ambavyo kila mtu wa Kituku anavijua.

Masisi nayo tuisimulie: vilima vya majani mabichi, ng'ombe, na fromage ya duara inayofika soko la Goma. Anayekula kipande chake anakula historia ya vilima vile, na ya wafugaji waliopoteza mifugo yao vita baada ya vita.

Kabla ya kutoka nyumbani

Ulizeni usalama siku ile ile, si habari ya juzi. Tokeni asubuhi, mrudi kabla ya jua kuzama. Tembeeni kwenye njia inayokanyagwa na watu kila siku. Mapigano ya Januari 2025 yameacha mabomu ambayo hayajalipuka, hasa pembeni za mji: Kibati, Kanyaruchinya, Mugunga, kuelekea Sake. Chuma chochote usichokijua kisiguswe, kisipigwe jiwe, kisiuzwe kwa wanunua vyuma. Wekeni alama kwa mbali na mwambieni chefu wa avenyu.

Bebeni maji, kofia, ndizi au viazi vya kuchemsha. Msiache sashe wala chupa nyuma. Ziwa limeshiba plastiki. Kila mtoto awe anajua jina kamili la mzazi, karitye yake na namba moja ya simu kwa kichwa.

Na mkirudi jioni, waulizeni watoto wameona nini. Kama kuna mzee katika avenyu yenu anayekumbuka lava ya 1977, au mama aliyeuza samaki Vitshumbi wakati viboko walikuwa wanalala mbele ya nyumba, mleteni radio. Mikrofoni iko wazi, na sauti hizo zinapungua kila mwaka.